Namna ya Kukata Bima ya Mzimu

Umefika Georgia. Una pikapu ya mtumba, mashine ya presha, ngazi ya futi 28 na mapipa mawili ya dawa ambayo ni kaka mkubwa wa jiki. Kila Machi misonobari ya Atlanta inamwaga chavua mpaka magari yote yanakuwa rangi ya bizari, na upande wa kaskazini wa nyumba, usiopigwa na jua, unaota ukungu wa kijani. Kazi ipo. Jina la kampuni umeshaliandika ubavuni mwa gari. Tajiri ni wewe, kibarua ni wewe, na anayepokea simu za ofisi ni wewe kwa sauti nyingine.

Sasa meneja wa nyumba za kupangisha kule Marietta amekupigia. Ana vitalu kumi na vinne, anataka kuta, madirisha na gata. Bei ameikubali bila kupunguza hata dola. Kabla hujamshukuru Mungu, atasema: "Nitumie cheti chako cha bima ya fidia ya wafanyakazi." Mwongozo huu unaanzia hapo. Usome wote kabla hujapanda ngazi. Ukishapanda hautakusaidia, na hata kabla ya kupanda usiutegemee sana.

Kwanza, usibishe. Utatamani kumweleza kwamba huna mfanyakazi. Utatamani pia kumweleza kwamba sheria ya Georgia inamdai bima hiyo mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia watatu, na wewe ukijihesabu, ukarudia tena polepole, bado unapata mmoja. Yote ni kweli. Lakini meneja hana mahali pa kuuweka ukweli huo. Ana orodha kutoka makao makuu, na kwenye orodha kuna mstari unaosubiri alama ya vema. Mkenya atadhani anaulizwa habari za WIBA, ile sheria ya 2007. Mtanzania atakumbuka WCF, mfuko unaochangiwa na mwajiri kwa asilimia ya mishahara. Wote wawili wametoka kwenye mifumo ambamo mwajiri ni mtu mmoja na anayeumia ni mtu mwingine. Wasahau kwanza hayo. Na ukiona hoja yako inazidi kuwa nzuri, nyamaza: kazi itakwenda kwa mwenye karatasi.

Pili, mtafute wakala wa bima. Atauliza una wafanyakazi wangapi. Sema hakuna. Atauliza tena, bila kuinua sauti: "Na wewe mwenyewe, uingie au utoke?" Hapa tulia, maana ndipo mambo yote yalipo. Mwenye biashara binafsi, kwa sheria ya Georgia na ya majimbo mengi, hahesabiwi kuwa mfanyakazi wake mwenyewe mpaka aombe hivyo kwa maandishi. Ukiomba kuingia, ada inapigwa juu ya kipato wanachokukadiria, na kiasi utakachotajiwa kitakufanya ukae chini. Ukitoka, unalipa ile ada ya chini kabisa ambayo kampuni ya bima inatoza hata pasipo na kitu cha kutoza, yaani mamia ya dola kwa mwaka. Kwa fedha hizo unapewa bima kamili, yenye namba, yenye tarehe, yenye nembo ya kampuni, isiyomlinda binadamu yeyote. Penye jumla ya mishahara huandikwa maneno mawili tu yenye maana ya "kama ipo". Wenye biashara yao wanaiita bima ya mzimu, na wanalitamka jina hilo bila kucheka.

Mimi nilipoikata mara ya kwanza nilimuuliza wakala, "Je, nikianguka?" Akanijibu, "Aa, wewe huhusiki." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi. Nikamshukuru. Utamshukuru pia.

Tatu, jiandae kwa swali la kimo. Kila kazi Marekani ina namba yake ya hatari, na kila namba ina bei yake kwa kila dola 100 za mshahara. Katika orodha ya NCCI, shirika linalopanga namba hizo kwa majimbo mengi, Georgia ikiwemo, msafisha majengo asiyegusa madirisha ya juu ni 9014. Akiyagusa anakuwa 9170, na bei inapanda pamoja naye. Wakala atauliza: "Madirisha ya juu unayafikiaje?" Jibu ambalo mji mzima unalijua ni kwamba unasimama chini, unatumia mti mrefu unaopitisha maji. Mti huo upo kweli. Umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, una brashi kichwani, unafika ghorofa ya tatu, na bei yake nayo inafika huko huko. Ngazi usiitaje, hata kama wakati unazungumza unaiona dirishani, imefungwa kwa kamba nyekundu juu ya pikapu. Neno "paa" ndiyo kabisa lisikutoke. Waezekaji wana namba yao, 5551, na ada zao ni miongoni mwa zile zinazofanya watu waache kazi. Hutaki wakala aanze kuiwazia.

Ukipiga hesabu utagundua jambo la kuchekesha. Bei yoyote ukiizidisha kwa mishahara sifuri, jibu ni sifuri, na ile ada ya chini bado unailipa. Huenda basi unadanganya bure. Angalizo: kila utakachosema kinaandikwa kwenye fomu ya maombi, na fomu hiyo haisomwi na mtu mpaka siku unayodai kitu.

Nne, pokea cheti. Kitakuja kwa barua pepe, ukurasa mmoja, kwa fomu inayoitwa ACORD 25 ambayo nchi nzima inaitumia. Kisome, utakuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kinatangaza kwamba kimetolewa kwa ajili ya taarifa tu na hakimpi anayekishika haki yoyote. Nimekaa na karatasi nyingi maishani, za uhamiaji, za kodi, za talaka za watu wengine, lakini sijaona nyingine inayojikana kabla hata haijaanza kusema. Shuka mpaka chini, kwenye safu ya fidia ya wafanyakazi. Ukikata ile ambayo meneja anaitaka, utakuta dola 1,000,000 kwa kila ajali, dola 1,000,000 kwa ugonjwa wa kila mfanyakazi, na dola 1,000,000 kuwa kikomo cha magonjwa yote. Wafanyakazi wenyewe ni sifuri. Pembeni kuna kisanduku kidogo kama punje ya mchele, kinachouliza kama mwenye biashara ametengwa na bima hii. Herufi moja hujazwa hapo, na herufi hiyo ndiyo mkataba wote. Chini ya kisanduku wameandika, kwa maandishi ya kutafuta miwani, kwamba kukijaza ni lazima New Hampshire. Majimbo mengine 49 yameachiwa dhamiri ya wakala.

Mtumie meneja. Atakagua vitu viwili, tarehe na jina la kampuni yake. Cheti changu kimewahi kurudishwa mara mbili kwa sababu ya koma moja kabla ya "LLC". Kuhusu ile punje ya mchele hajawahi kuuliza mtu. Usimwoneshe, utamharibia siku.

Wala usidhani kwamba meneja ni mjinga. Anajua anachonunua kuliko wewe. Mwisho wa mwaka kampuni yake ya bima inamkagua, na fundi yeyote aliyelipwa bila kuonesha cheti, malipo yake yanaweza kuhesabiwa kama mshahara wa mtu wa meneja na kutozwa ada. Karatasi yako kazi yake ni kukutoa wewe kwenye bili yake. Ukilijua hilo, kila kitu kinanyooka. Meneja amepona ada. Bima yake imepata karatasi ya kuweka kwenye faili. Bima yako imepokea fedha kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, biashara ambayo hata waganga wa kienyeji wanaiendesha kwa tahadhari. Watu wote wanne wameridhika, ukijihesabu na wewe, na wewe ujihesabu, maana hakuna mwingine atakayekuhesabu.

Ukipenda historia, jifariji nayo. Wisconsin ilitunga sheria yake ya fidia mwaka 1911, majimbo yakafuata moja moja, Georgia mwaka 1920, na Mississippi ikafunga msafara mwaka 1948. Mapatano yalikuwa haya: tajiri atalipa mfanyakazi akiumia kazini hata kama kosa si la tajiri, na mfanyakazi naye ataacha kumpeleka tajiri mahakamani. Watu waliwaza sana mpaka kuyafikia. Hawakumuwaza mtu aliye pande zote mbili za meza, ambaye kwa sahihi moja amejinyima malipo. Usijaribu kujishtaki mwenyewe. Wakili atakutoza saa ya kwanza.

Tano, msaidizi. Umesema huna, na utakuwa naye. Vitalu kumi na vinne haviishi kwa mikono miwili, na Jumamosi utamwita mtoto wa dada yako, yule anayesoma chuo na kulala mpaka saa sita. Atashika ngazi, atavuta mpira wa maji, atakuita mjomba mbele ya wateja. Utamlipa kwa simu, dola mia hapa, mia mbili pale. Usijali, siyo mfanyakazi, ni mpwa.

Baada ya miezi kumi na miwili barua itakuja. Bima hii hukaguliwa mwaka ukiisha, jambo ambalo wakala alilitaja kwa haraka kati ya namba ya simu na salamu za kwaheri. Mkaguzi anataka taarifa za benki, fomu zako za kodi, na cheti cha kila uliyemlipa. Usiseme huyu ni mpwa. Kwenye fomu yake hakuna ukoo. Ataona dola 6,000 zimekwenda kwa kijana, atauliza cheti cha kijana, na kijana atakuuliza: "Mjomba, cheti gani?" Basi hizo 6,000 zinakuwa mishahara. Tuseme namba yako inatozwa dola 6 kwa kila 100: andika hundi ya dola 360. Kisha mkaguzi atafungua ule ukurasa wako wa matangazo na kukuta picha uliyoipandisha kwa mkono wako, umesimama juu ya paa na dole gumba hewani. Ataanza kujiuliza kama namba yako ni ile kweli. Tuseme akaona inayofaa ni ya dola 20 kwa 100: andika 1,200. Picha ilipata watu mia mbili walioipenda, kwa hiyo si hasara tupu.

Wapo watakaokushauri mpwa naye akate mzimu wake. Mnakuwa watu wawili, bima mbili, na wote wawili hamna bima. Tena kama saa yake ya kuja unaipanga wewe, mashine ni yako na amri ni zako, kumwita mkandarasi kwenye karatasi hakumfanyi awe mkandarasi, kama vile kumwita paka simba hakumfanyi ale ng'ombe. Na kuna kituko ambacho wengi hawakigundui. Yale maneno "kama ipo" yamepata mwili. Kijana akiteguka kifundo cha mguu akiwa ameshika ngazi chini, bima yako inaweza kumlipa, kisha ikudai ada. Aliyesimama juu ya ngazi hiyo hiyo, aliyeilipia bima tangu Januari, hana kitu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kampuni ya bima pia inangoja, ila imesimama pembeni kidogo.

Sita, panda. Zipo kanuni nzuri za kupanda. Kwa kila futi nne za urefu, tako la ngazi lisogee futi moja kutoka ukutani. Kama unashukia juu ya paa, ngazi ipite ukingo kwa futi tatu. Mfanyakazi wa kawaida akivuka futi nne kwenda juu lazima awekewe kinga ya kuanguka. Kwenye ujenzi ni futi sita. Kanuni hizo ni za OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini, nayo inamlinda mwajiriwa. Mtu anayefanya kazi peke yake kwa niaba yake mwenyewe hayumo. Hakuna atakayekuja kukupima pembe ya ngazi. Zikariri hata hivyo, zitakusaidia kuelewa ulipokosea.

Sasa hili lisikilize vizuri. Bunduki ya maji ya presha ya 3,000 inasukuma nyuma pale unapobonyeza. Ukiwa ardhini unaona kama mtoto anakuvuta kanzu. Ukiwa kidato cha kumi na sita, huyo mtoto amekua. Dawa nayo inateleza kama mlenda, inashuka ukutani, inafika kwenye vidato, inafika kwenye soli za viatu ulivyonunua kwa bei ya nusu. Mwenye nyumba atafungua dirisha wakati huo huo kukuuliza kama utasafisha na baraza. Geuka umjibu. Kila mtu hugeuka.

Saba, hospitali. Nitakwambia utakapoanguka, sitasema ukianguka, maana tumeshazoeana. Kwenye mapokezi ya dharura dada mwenye kompyuta atakuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, na halafu: "Hii imetokea kazini?" Usikurupuke. Ukisema ndiyo, bima yako ya afya, kama ni miongoni mwa zile nyingi zinazokataa majeraha ya kazini, itakuelekeza kwenye fidia ya wafanyakazi. Fidia ya wafanyakazi itakuelekeza kwenye punje ya mchele. Ukisema hapana, utakuwa umemdanganya mtu anayekuona umevaa buti za mpira, suruali yenye madoa ya dawa, na fulana iliyoandikwa mgongoni jina la kampuni, "Tunaosha Nje, Tunang'arisha", pamoja na namba ya simu. Wengi hutumia jibu la tatu, wanazimia. Hilo haliwezi kupangwa, na gharama ya gari la wagonjwa inakuja tofauti.

Nane, ukishalazwa kwenye kochi lako na mkono ndani ya plasta, utapata nafasi ya kusoma ulichokikataa. Soma taratibu. Kwa Georgia, aliyeingia kwenye bima anatibiwa bila kutoa mfukoni, tena kwa daktari kutoka orodha iliyobandikwa ukutani. Anapata theluthi mbili za mshahara wake wa wiki, na kikomo kilipandishwa hadi dola 800 kwa wiki Julai 2023. Siku saba za kwanza halipwi, ila akikaa nje ya kazi siku 21 mfululizo, hizo saba nazo zinarudishwa. Fomu ya mwenye biashara kujiingiza inaitwa WC-10. Sikukutajia mapema kwa sababu usingeijaza. Hakuna aliyewahi kuijaza kabla ya kuanguka isipokuwa mtu mmoja ninayemfahamu, na yeye hajaanguka mpaka leo, jambo linalomkera.

Fidia yako wewe itatoka kwenye kundi la WhatsApp. Mtu atakupiga picha, ukiwa umeinua mkono wenye plasta na kujaribu kutabasamu. Picha itawekwa saa mbili usiku, watu wakiwa wametoka kazini. Mweka hazina ataanzisha orodha, jina la kwanza litakuwa lake ili wengine waone haya. Wataleta: wa Marietta, wa Lawrenceville, mmoja wa Muscat uliyesoma naye Tanga ambaye hukumbuki sura yake. Watakuletea pilau kwenye sufuria zenye majina ya wenyewe chini, na utatakiwa kuzirudisha. Hakuna atakayekuuliza namba ya hatari wala kimo. Kuna mmoja tu, mgeni mgeni, atakayeandika: "Kwani hakuwa na bima?" Na mpwa wako atamjibu kabla hujawahi kumzuia: "Anayo. Ya dola milioni." Kuanzia hapo michango itapungua, kwa hiyo mnyang'anye simu mapema.

Ukiwa bado kwenye kochi, mambo mawili yatafika wiki moja. La kwanza ni ujumbe wa meneja: cheti kinaisha tarehe 30, utume kipya au geti halifunguliwi, na vitalu vinne bado havijaoshwa. Mtumie wakala fedha. La pili ni fomu ya ukaguzi ya kila mwaka. Ijaze mwenyewe, usimpe mtu. Idadi ya wafanyakazi: sifuri. Jumla ya mishahara: sifuri, mpwa umeshamalizana naye. Chini kabisa kuna swali kama kuna mfanyakazi yeyote aliyeumia kazini katika kipindi cha bima. Andika hakuna. Tia sahihi kwa mkono wa kushoto, wanakubali.